Baridi ya Molo

Hadithi fupi ya Ernest Hemingway ambayo kwa Kiswahili tungeiita "Theluji za Kilimanjaro" nimeisoma mara nne. Mara ya kwanza nilikuwa mwanafunzi wa sekondari, nikaisoma kwa kuwa tuliambiwa itatoka kwenye mtihani. Haikutoka. Mara ya pili niliisoma kwa hasira, nikiwa kijana aliyekwisha kujua kuwa Kilimanjaro ni yetu na mwandishi si wetu. Mara ya tatu niliisoma kwa kuvizia, nikitafuta mahali pa kumshika. Mara ya nne ndiyo nitakayoieleza hapa. Niliisoma vipande vipande, nikiwa nimevaa sweta mbili na koti juu yake, katika vilima vya Ngorongoro mwezi wa Julai, pamoja na marafiki watatu ambao walikwisha kuchoka kunisikiliza kabla ya saa nne asubuhi.

Inafaa kwanza niseme neno juu ya baridi hiyo, maana wako ndugu zangu wa Dar es Salaam ambao bado hudhani ninawatania. Mji wa Karatu wenyewe uko kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, na wakati wa kipupwe ukungu hulala mashambani mpaka jua liwe limepanda sana. Ukipita lango la Lodoare barabara inapanda msituni, miti ina ndevu za kijivu zinazoning'inia, na ukifika ukingoni mwa kreta umeshapita mita 2,200. Wageni wengi huiona baridi kwa dakika kumi tu, pale wanaposimama kupiga picha, kisha gari huwateremsha bondeni kwenye joto na simba. Lakini ukiuzunguka ukingo na kwenda kaskazini mashariki, hadi Nainokanoka na kuendelea, hapo hakuna kuteremka. Ni vilima juu ya vilima, nyasi fupi zilizopauka, mlima Loolmalasin umesimama upande wa mashariki na mita zake zaidi ya 3,600, na upepo ambao hauna cha kuuzuia.

Tulikuwa wanne. Mmoja ni mwalimu mstaafu, aliyefundisha fasihi miaka mingi na ambaye kila mtu humwita Mwalimu, hata wale waliomzidi umri. Wa pili ni fundi wa magari wa Rhotia, Mwiraqw mcheshi, ambaye hakuja kwa mapenzi ya kutembea bali kwa kuwa gari ni lake na hamwamini mtu mwingine usukani. Wa tatu alizaliwa Bulati, akachunga huko, akasoma, sasa ni mtaalamu wa mifugo. Huyu ndiye aliyesema twende Julai, si Januari kama watu wenye akili. Walikuwapo pia askari wa hifadhi na bunduki yake, maana huku hutembei bila yeye, kwa ajili ya nyati.

Tulilala kwenye mahema Nainokanoka ili tuanze mapema. Usiku fisi alilia karibu, na Mwalimu, ambaye alijua nimebeba kitabu gani, alisema kutoka gizani, "Kifo hicho kimekuja." Katika hadithi ile fisi ndiye kifo. Fundi akauliza kama kifo kinakula maandazi, kwa sababu maandazi yalikuwa nje. Alfajiri nilipofungua hema turubai lilikuwa gumu kama bati. Nyasi zote, toka miguuni pangu mpaka kwenye zizi la jirani na kuendelea kilimani, zilikuwa nyeupe.

Hapo ndipo mabishano yalipoanza. Fundi alisema, "Theluji." Mwalimu alisema si theluji, theluji hudondoka, huu ni umande ulioganda. Kamusi zetu zina neno sakitu kwa jambo hilo, lakini katika maisha yangu yote Karatu sijamsikia mtu akilitamka. Watu husema kumeganda, au kuna barafu, basi. Yule wa Bulati alikuwa na neno lake la Kimaasai na hakuona haja ya kubishana. Mimi nilikuwa upande wa Fundi, ingawa nilijua amekosea. Theluji ni neno lililotufikia kutoka Kiarabu, kwa njia ya pwani ambako haijapata kudondoka hata siku moja, na watoto wengi wa bara tulilisikia kwanza kanisani, katika ile Biblia ya 1952, pale Isaya anapolinganisha dhambi zilizosamehewa na weupe wake. Kwa hiyo theluji kwetu ilikuwa kwanza habari ya dhambi na msamaha, wala si hali ya hewa. Nani basi angetulaumu kwa kulitumia vibaya?

Mwalimu akatukumbusha habari ya Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani aliyeiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848. Aliyemwongoza hakuwa na jina la kile cheupe kilichokuwa kileleni, alikiita baridi. Huko London, W. D. Cooley, ambaye hakuwa amekanyaga Afrika Mashariki, alibisha kwa miaka mingi kwamba theluji haiwezi kuwako karibu na mstari wa ikweta. Mwongoza njia hakuulizwa. Nadhani neno lake ndilo lililokuwa sahihi kuliko yote. Alitaja kinachomgusa mtu anayekwenda kwa miguu, na Rebmann akataja kinachoonekana kwa mtu aliyesimama mbali.

Jambo hilo ndilo ninalotaka kulipima katika Hemingway, kwa hiyo nieleze hadithi kwa ufupi kwa msomaji ambaye hajaisoma. Ilitoka katika jarida la Esquire, Agosti 1936. Mwandishi aitwaye Harry amelala kwenye kitanda cha safari chini ya mti, katika tambarare yenye joto, mguu wake ukioza. Alichomwa na mwiba gotini alipokuwa akinyemelea kuro ili awapige picha, asipake dawa. Kisha lori likaharibika. Anamgombeza mkewe, anakunywa pombe, anangoja ndege. Katikati ya magomvi anakumbuka yale yote aliyoyaweka akiba ili ayaandike siku moja, na ambayo sasa hatayaandika. Kabla ya hadithi kuanza kuna maneno machache juu ya mzoga mkavu wa chui uliokutwa karibu na kilele, na kwamba hakuna ajuaye alifuata nini kule juu. Chui huyo hakubuniwa. Mchungaji Richard Reusch alimkuta mwaka 1926.

Hasira yangu ya ujanani ilikuwa hii: jina la hadithi linatuahidi theluji ya Kilimanjaro, na ndani yake theluji ya Kilimanjaro karibu haimo. Mlima unatokea mwishoni tu, mkubwa na mweupe, Harry anapoota kwamba ndege imekuja na inamchukua huko. Theluji nyingine zote ni za Ulaya. Iko ya Schruns, Austria, wakati wa Krismasi. Iko ile wiki waliyofungiwa na tufani katika nyumba ya mlimani wakicheza karata, na yule mwenye shule ya kufundisha watu kuteleza akapoteza fedha zote. Yuko mtoro wa jeshi aliyefika nyayo zikitoka damu thelujini, nao wakamsaidia. Kwa hiyo, nilisema enzi hizo, bwana huyu ametumia mlima wetu kama ukuta mweupe wa kuonyeshea sinema yake.

Leo sisemi hivyo, na nilianza kuacha kusema hivyo tukiwa tunapanda Olmoti. Olmoti, waniambia wenye lugha, ni chungu cha kupikia. Kreta ndogo yenye nyasi ndani yake, ambamo mto Munge unaanzia na kuporomoka kwenda kulisha ziwa la chini, Magadi, ndani ya Ngorongoro kubwa. Kupanda si kugumu, yapata saa moja, lakini hewa ni nyepesi na Mwalimu ana miaka yake. Tulisimama mara kwa mara, na kila tuliposimama nilisoma aya moja. Nilipofika kwenye wiki ile ya karata nikaona kwamba hata Fundi anasikiliza. Aliuliza mshindi alikuwa nani. Aliuliza walikuwa wakila nini. Kisha akaanza kusimulia mvua ya El Niño ya 1997 na 1998 ilipowafungia watu barabarani, kabla lami haijafika Karatu, na jinsi walivyokaa siku nyingi ndani ya lori wakila vitunguu vya Mang'ola kwa kuwa ndiyo mzigo uliokuwapo. Nikasema moyoni, hapa mwandishi ameweza. Kurasa hizo hazikuandikwa na mtu anayejivunia theluji; ziliandikwa na mtu aliyekuwa na marafiki mahali pa baridi na ambaye sasa anakufa mahali pa joto bila hata mmoja wao.

Kwa hiyo kosa la hadithi liko kwingine. Liko kwa Molo.

Molo ni mtumishi. Wasomaji wengi hawamkumbuki, wala siwalaumu. Harry anaita, Molo anaitikia "Bwana," analeta wiski na soda. Huo ndio karibu utu wake wote. Usiku unapoingia na Harry anaanza kusikia kifo kimekaa juu ya kifua chake, Molo yuko hapohapo hatua chache, naye hana lolote akumbukalo. Harry amepewa Paris, amepewa nyumba ya babu yake ya magogo kando ya ziwa, amepewa kijito cha samaki katika Msitu Mweusi. Mkewe amepewa wafu wake, na kuogopa kwake, na mashamba ya kwao. Molo amepewa trei.

Mtu atasema huo ndio ulikuwa wakati wake, tusimdai mtu wa 1936 yale ya leo. Sikubali, na ushahidi wangu ni Hemingway mwenyewe. Mwaka mmoja kabla, 1935, alitoa kitabu cha safari yake ya Tanganyika ya 1933 na 1934, kile cha vilima vya kijani vya Afrika, ambacho kinapita hapa chini tu, Mto wa Mbu na ukanda wa Ziwa Manyara. Sikipendi sana, kuna kuhesabu pembe kwingi mno. Lakini ndani yake yumo M'Cola, mbeba bunduki, na M'Cola ni mtu. Ana wivu, ana dharau, humpima bwana wake na si mara moja akamwona hatoshi. Na hucheka. Kinachomchekesha kuliko vyote ni fisi akipigwa risasi. Mwandishi anaeleza kicheko hicho kwa urefu, na katika kukieleza anakubali kuwa hakielewi vizuri, lakini kipo.

Angalia basi kilichotokea. Fisi yuleyule anaingia katika hadithi fupi na kuwa kifo, kizito, cha Kizungu, kinachonuka na kuja kimya. Aliyekuwa akimcheka kaondolewa. Kama M'Cola angebaki karibu na kitanda kile, hadithi ingepata mtu wa kuipinga kutoka ndani. Fundi wetu, kwa swali lake la maandazi, alifanya usiku ule kazi ambayo Molo hakuruhusiwa kuifanya. Mwandishi aliyekwisha kuonyesha kwamba anaweza, halafu akachagua asifanye, namhukumu kwa uwezo wake mwenyewe.

Niliyasema haya yote kwenye ukingo wa Olmoti, tukinywa chai ya tangawizi kutoka kwenye chupa, na ninakiri kuwa niliyasema kwa sauti kubwa kidogo. Yule wa Bulati alikuwa amejifunga lubega juu ya koti la mtumba, anatazama upande wa kwao. Akasema, "Wewe unataka Molo akumbuke nini?"

Sikuwa na jibu. Ndivyo tulivyo sisi wahakiki; tunamdai mwandishi chakula ambacho hatujui kukipika.

Akasema yeye anaweza kutuambia cha kwake, kama tunataka. Alipokuwa na miaka kama minane aliachiwa ndama. Ng'ombe wakubwa walikuwa mbali na kaka zake. Usiku mmoja kuliganda kama hivi tulivyoona, bali zaidi, na ndama mmoja mchanga alikuwa anatetemeka, naye akaogopa kwamba akifa ataambiwa ni yeye. Akatoka ndani, akavuka zizi bila viatu, maana katambuga zake hakuziona gizani, akalala na ndama yule, mgongo wake ukielekea mlango. Kulipokucha mama yake alimkuta hapo. Hakumgombeza. Alichukua blanketi lake mwenyewe, jekundu, la sufu, akawafunika wote wawili, mtoto na ndama, akaenda kukamua. "Nyayo zangu zilionekana kwenye weupe," alisema. "Kutoka mlangoni mpaka kwenye zizi la ndama. Aliwaonyesha majirani."

Hakuna aliyesema neno. Askari alikuwa akisikiliza pia.

Tukateremka upande wa pili kuelekea Bulati. Hiyo ndiyo sehemu nzuri ya siku, na sina mengi ya kusema juu yake ila kwamba jua lilitoka, nyasi zikaacha weupe na kuwa rangi ya majani makavu ya ngano, na mtu anaweza kutembea hapo saa nzima akiona mwenzake aliye mbele kilima kimoja zaidi. Tulipumzika kwenye kivuli kilichokuwa bado na barafu, na Mwalimu akachukua kitabu, akasema sasa ni zamu yake. Hakusoma Schruns. Alisoma kipande ambacho mimi, katika mara zangu zote tatu, nilikipita mbio.

Ni kumbukumbu ya Harry akiwa kwenye treni, akiiona milima ya Bulgaria imekuwa myeupe. Katibu wa Nansen, yule Mnorwe maarufu aliyeshughulikia wakimbizi baada ya vita ya kwanza, anamuuliza mzee kama ile ni theluji. Mzee anatazama, anasema hapana, bado ni mapema mno. Basi katibu anawarudia wengine kwamba si theluji, na wote wanakubali kuwa walikosea. Lakini ilikuwa theluji. Na watu walipelekwa kuipita, katika kule kubadilishana wakazi, nao wakaikanyaga mpaka wakafa.

"Kumbe na wao walihamishwa," alisema yule wa Bulati.

Niseme wazi, msomaji asije akanielewa vibaya: sifananishi. Wale wa Bulgaria walikufa katika baridi. Hapa historia ni nyingine. Wamaasai walitolewa Serengeti, na mwaka 1959 sheria ikaunda eneo la Ngorongoro ambamo watu, mifugo na wanyama wa porini waliambiwa wataishi pamoja. Kilimo kilikatazwa 1975, kikaruhusiwa 1992, kikakatazwa tena 2009. Tangu 2022 kaya nyingi zimehamia Msomera, wilaya ya Handeni, katika mpango ambao Serikali huuita wa hiari na ambao wengi wa waliobaki wameupinga. Hoja ziko pande zote mbili, za maji, za malisho, za idadi ya watu, na si kazi ya insha ya fasihi kuziamua. Lakini mama wa rafiki yangu yuko Msomera. Alikwenda na mwanawe mkubwa. Ana nyumba ya matofali na bati, na hajalalamika juu ya nyumba. Analolalamikia, kwa maneno ya mwanawe, ni kwamba blanketi limekuwa halina kazi. Analikunja, analiweka kitandani miguuni, usiku analisukuma chini kwa joto, asubuhi analiokota. Hataki apewe mtu.

Hapo, kwa mara ya kwanza, niliielewa hadithi ya Hemingway kama yetu. Mtu mzima amelala kwenye tambarare yenye joto, hawezi kunyanyuka akaenda, na kinachomjia ni weupe na baridi ya mahali alipokuwa kijana na watu wake. Mwandishi aliiona hali hiyo vizuri kuliko mtu mwingine yeyote niliyemsoma. Aliweza kuiona kwa Mmarekani mmoja tu. Na mlima wenyewe, ule wa kwenye jina, unaelekea kuwa kumbukumbu: zaidi ya asilimia 80 ya barafu iliyokuwa kileleni mwaka 1912 imetoweka. Nilianza kusema hayo kwa sauti, Mwalimu akanigusa mkono, nikanyamaza.

Tulifika Bulati saa tisa. Fundi alikuwa ametuacha Olmoti na kurudi kulileta gari, na tulimkuta amefungua boneti kwa mazoea tu, maana halikuwa na ugonjwa wowote. Boma la akina rafiki yangu halipo tena. Iliyobaki ni miiba mikavu ya ua na mduara ambamo nyasi zimeota kijani zaidi kuliko pengine, kwa sababu ya samadi ya miaka mingi. Alizunguka hapo kidogo. Kisha akapanda kwenye kichuguu, ambapo alijua simu hupata mtandao, akampigia mama yake. Aliongea kwa lugha yao, nasi tukangoja ndani ya gari, vioo vimefungwa.

Aliporudi nilimuuliza Yeyo anasemaje.

"Ameuliza kama nyasi ziliganda. Nikamwambia ziliganda." Alivuta mlango, ukagoma, akauvuta tena. "Akauliza mpaka wapi. Nikamwambia, mpaka kwenye zizi la ndama."

Fundi akawasha gari.